Zamu ya Kapteni

Kila mwaka, vijana wa mitaa yetu wanapojiandaa kwa mashindano ya sikukuu, timu huchagua makapteni. Na kila mwaka swali ni lile lile: nani anacheza vizuri kuliko wenziwe? Akipatikana huyo, hufungwa kitambaa mkononi, hupigiwa makofi, na shughuli imekwisha. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza nani huchota maji ya kunywa, nani huufuata mpira ukitumbukia kichakani, au nani hubaki nyuma kuzikunja nyavu wakati wenzake wameshakwenda kuoga. Mambo hayo huachiwa watoto wanaotazama, au yule mchezaji wa akiba ambaye mwaka mzima hajapata kuvaa jezi.

Tungependa, wapenzi wasomaji, tulitazame jambo hili kwa makini kidogo. Je, yampasa kapteni kuzifanya kazi hizo ndogo ndogo? Na kama yampasa, azifanye kwa moyo gani? Sisi tuliotumia maisha yetu madarasani, na miaka ya mwisho katika chuo cha ualimu, tumewaona makapteni wengi wakija na kupita, wa mpira wa miguu na wa mpira wa pete, na twaamini kwamba swali la pili ni gumu kuliko la kwanza, tena ndilo lenye faida.

Kwanza tukumbuke kapteni ni mtu wa namna gani. Mwalimu ana kengele na daftari la mahudhurio. Hakimu ana polisi. Mwenye shamba ana ujira wa vibarua. Kapteni hana kitu. Hawezi kumkata mtu mshahara, maana hakuna anayelipwa. Hawezi kumfunga, wala kumfukuza bila idhini ya mwalimu wa michezo. Hata hivyo, dakika ya 80, jua likiwa kali na timu imefungwa mabao mawili, ni yeye anayepaswa kumwambia mwenzake aliyechoka, "Rudi nyuma, kaba," na mwenzake arudi. Kwa nini arudi? Mamlaka yasiyo na fimbo yatoka wapi? Wala swali hili si la uwanjani tu. Kiongozi wa kwaya yumo katika hali hiyo hiyo, na mzee wa kanisa, na kila mtu anayeongoza watu ambao wangeweza kwenda zao nyumbani wakipenda.

Zamani katika shule nyingi za bweni jibu lilikuwa rahisi: mkubwa hutumikiwa. Mwanafunzi mpya, njuka, alifua soksi za kapteni, alimbebea viatu hadi uwanjani, na usiku alimtandikia kitanda. Desturi hiyo haikuzaliwa kwetu. Katika shule za bweni za wakubwa huko Uingereza wanafunzi wadogo waliwatumikia wanafunzi wakubwa kwa utaratibu uliokubaliwa na walimu, wakiwapigia viatu rangi na kuwachomea mikate, mpaka desturi ile ilipofifia na kukoma katika karne ya 20. Sisi tuliletewa mpira na kengele ya bweni katika sanduku moja, na hayo mengine yakaja yamefungwa humo humo. Waliotetea mambo hayo walisema yafundisha unyenyekevu. Lakini njuka hakujifunza unyenyekevu, alijifunza kungoja. Alihesabu miaka mpaka naye atakapopata wa kumfulia. Hiyo nayo ilikuwa zamu ya namna yake, lakini zamu ya kulipiza, tena anayelipizwa si yule aliyekosa.

Sasa twende Kaptagat, karibu na Eldoret, katika nyanda za juu za Kenya. Huko kuna kambi ya wakimbiaji iliyopata sifa chini ya kocha Patrick Sang, ambaye mwenyewe alipata medali ya fedha katika mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Barcelona, mwaka 1992. Mwanafunzi wake aliyejulikana kuliko wote ni Eliud Kipchoge, bingwa wa dunia wa mita 5,000 huko Paris mwaka 2003 akiwa na umri wa miaka 18, kisha bingwa wa Olimpiki wa marathoni mwaka 2016, na tena mwaka 2021 katika michezo ya Tokyo. Mtu wa namna hiyo, mwenye mali, mwenye nyumba na familia mjini Eldoret, angeweza kujiwekea mpishi na dobi na kuja mazoezini kwa gari asubuhi. Yeye katika miaka yake ya ushindi aliishi kambini pamoja na wenzake juma zima, akirudi kwake mwisho wa juma tu. Na kambini kazi za nyumba ziligawanywa kwa zamu. Jina lake lilikuwamo katika orodha kama majina mengine, na zamu yake ya kusafisha vyoo ilipofika, alisafisha vyoo.

Waandishi wa habari wa nchi za mbali walipofika huko walistaajabu, wakaandika kana kwamba wameona muujiza. Nasi twadhani walistaajabia kitu kisicho chenyewe. Kusafisha choo si ajabu. Akina mama wasiohesabika husafisha vyoo kila asubuhi, wala hakuna anayewapiga picha. Lililo kubwa hapo ni lile neno dogo: zamu.

Maana mkubwa aweza kuifanya kazi ndogo kwa njia mbili. Aweza kuifanya kwa hisani, na aweza kuifanya kwa zamu. Kwa macho ya mpita njia ni kitu kimoja: mtu, ndoo na ufagio. Lakini hisani humwacha mkubwa katika ukubwa wake, hata humwongezea, kwa kuwa sasa watu wana deni kwake. Tulimfahamu kijana mmoja, kapteni wa mpira wa miguu, aliyekuwa mwema kupita kiasi. Aliwabebea wenzake mizigo hadi kwenye lori, aliwafulia jezi usiku, aliwagawia sabuni yake. Siku walipocheza ovyo aliwakusanya, akasema kwa uchungu, "Baada ya yote niliyowatendea!" Hakuna aliyemjibu. Tuliwatazama nyuso zao, na hatukuona haya pale; tuliona uchovu wa watu waliokumbushwa deni ambalo hawakuliomba. Sabuni ile ilikuwa mkopo.

Zamu haina deni. Leo mimi, kesho wewe, keshokutwa yule mtoto aliyefika juzi na viatu vya kuazima. Anayefagia kwa zamu hana la kudai, kwa sababu hakutoa chochote kilichokuwa chake; alitimiza sehemu yake ya kazi ya wote. Na hapo ndipo twaliona jibu la swali letu la awali. Yule aliyechoka dakika ya 80 harudi nyuma ili kulipa. Anarudi kwa sababu anayemwita ni mmoja wao, na kukaba nako ni zamu.

Mtu atasema: mbio si mchezo wa timu, kila mmoja hukimbilia medali yake. Aliyekimbia peke yake barabarani saa kumi na moja alfajiri atajibu vingine. Tena tazameni yaliyotokea Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, Kipchoge alipokimbia urefu wa marathoni, kilomita 42.195, kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Haikuandikwa kuwa rekodi ya dunia, kwani haikuwa mbio ya mashindano, na mojawapo ya sababu ni hii: wakimbiaji 41 walikusanywa ili kumwekea kasi na kumkinga upepo, wakiingia kwa makundi na kutoka kwa makundi. Miongoni mwao alikuwamo Matthew Centrowitz wa Marekani, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 mwaka 2016. Mabingwa walipokezana zamu kwa ajili ya mtu mmoja, na mwishoni walijitenga, wakamwacha auendee utepe peke yake, nao wakaja nyuma wakishangilia kama walioshinda wenyewe. Sisi si wajinga hata tuseme walikuja kwa ajili ya ndoo na ufagio wa Kaptagat. Palikuwa na mfadhili tajiri, na shughuli ile iligharimu fedha nyingi. Twasema tu kwamba hata mkimbiaji wa pekee yake, ukimtazama vizuri, amezungukwa na watu wenye zamu.

Huko New Zealand timu ya taifa ya raga, iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 1987, 2011 na 2015, ina desturi ambayo imesimuliwa sana: mchezo ukiisha, wachezaji wakongwe, wale wenye majina, hushika ufagio na kukifagia chumba cha kubadilishia nguo. Na wengi wetu twakumbuka Wajapani katika Kombe la Dunia la mpira wa miguu mwaka 2018, huko Urusi. Walikuwa wakiwaongoza Wabelgiji mabao 2 kwa 0, wakafungwa matatu, na la mwisho likaingia katika dakika za nyongeza, mpira ukiwa karibu kumalizika. Waliondoka wakikiacha chumba chao kisafi, na karatasi ya kusema ahsante kwa Kirusi. Aliyefungwa bao la namna hiyo hana hamu ya kufagia. Ndiyo sababu tulipenda habari ile kuliko hizi za washindi.

Lakini hapa linakuja pingamizi ambalo hatuwezi kulikwepa. Ufagio hupendeza pichani. Siku hizi vitabu vya uongozi vyawafundisha makocha na mameneja kwamba kiongozi akijishusha, watu wake watazalisha zaidi. Wahenga walilijua hilo kabla ya vitabu: mtumikie kafiri upate mradi wako. Je, kapteni anayebeba mipira ili apendwe, na anayetaka kupendwa ili atiiwe, ametumikia nani?

Sisi Waanglikana tuna mfano wetu wenyewe, wala hauko mbali. Siku ya Alhamisi Kuu wafalme wa Uingereza walikuwa wakiosha miguu ya maskini, kwa kuufuata mfano wa Bwana wetu. Ni jambo tukufu kulisikia. Lakini habari za siku za Malkia Elizabeth wa Kwanza zaeleza kwamba miguu hiyo ilikuwa imekwisha kuoshwa na watumishi kabla malkia hajaifikia. Alipopiga magoti, alikuta miguu safi. Katika karne ya 18 kuosha kulikuwa kumekoma kabisa, na hata leo Mfalme huwagawia wazee, wanaume kwa wanawake, sarafu maalumu za fedha katika mikoba midogo. Hatumcheki mtu. Sadaka ni sadaka, na wazee wale huzitunza sarafu zao kwa furaha. Ila kuna jambo la kujifunza katika ile miguu iliyooshwa mapema. Ukitaka kujua kama utumishi wa mkubwa ni wa kweli, usiuchungulie moyo wake, maana huwezi kuuona. Tazama kama kuna uchafu. Choo cha zamu hakisafishwi kwanza na mwingine. Tena tazama kama jina lake litarudi katika orodha baada ya majuma mawili, wapiga picha wakiwa wameshaondoka. Kwa hiyo yule kapteni anayebeba mipira ili apendwe hatuna haja ya kumhukumu. Mwacheni abebe. Akiendelea kwa zamu mwaka mzima, ama atachoka na kujulikana, ama atakuwa amesahau kwa nini alianza.

Tuliwahi kuwa na kapteni wa mpira wa pete chuoni, binti mfupi, mchezaji wa katikati, wala hakuwa hodari kuliko wote. Waliocheza mchezo huo wajua kwamba mwamuzi hukagua kucha za wachezaji kabla ya kuanza, na mwenye kucha ndefu hachezi mpaka azikate. Binti huyu alikuwa na kikata kucha kidogo, amekifunga kwa uzi mfukoni. Asubuhi ya mashindano, lori likingojwa, aliwapitia wenzake mmoja mmoja akiwakata kucha. Akimaliza, aliketi, akamnyoshea mkono yeyote aliyekuwa karibu, akatwe zake. Wakati mwingine alikuwa mchezaji mpya kabisa, naye akiogopa asimkate kapteni kidole. Mwenye kutumia mkono wa kuume ajaribu kuukata vizuri kwa ule wa kushoto, ataona. Hata kapteni alihitaji mtu.

Mwaka huo, katika nusu fainali, mwalimu wa michezo aliona mfungaji mmoja amezidiwa, akamtaka kapteni shauri. Mfungaji yule alikuwa rafiki yake wa chumba kimoja. Kapteni alimwendea mwenyewe, akamwambia mbele ya wote, bila kuzunguka, "Leo hufungi. Keti, mwenzako aingie." Yule aliketi. Alilia, hatusemi hakulia. Lakini wakati wa mapumziko ndiye aliyekata machungwa na kuyagawa, kuanzia na yule aliyechukua nafasi yake. Timu ilishindwa hata hivyo, kwa mabao matatu kama tunakumbuka sawasawa. Tunachotaka kionekane ni kwamba utumishi mdogo haukumfanya kapteni yule kuwa laini. Wako watu wanaodhani kiongozi mtumishi ni yule asiyemuudhi mtu. La hasha. Kapteni anayefagia kila siku lakini hathubutu kumwambia rafiki yake neno gumu, ametumia ufagio kujificha.

Twaweza sasa kurudi kwa Petro, katika Injili ya Yohana sura ya 13, tukamwelewa vizuri zaidi. Alipokataa kuoshwa miguu, alikuwa akiilinda heshima ya Mwalimu wake, na kila mmoja wetu angefanya vivyo hivyo. Alidhani anaona hisani, na hisani kubwa kupita kiasi huaibisha. Lakini angalieni agizo lililofuata. Hawakuagizwa wamwoshe Bwana miguu kwa kumlipa, ambavyo ndivyo deni lingetaka. Waliagizwa kuoshana wao kwa wao. Kiswahili chetu kina silabi moja ndogo inayobeba jambo hili zima, na katika darasa la sarufi hatukuchoka kuwaonyesha wanafunzi: kupenda na kupendana, kusaidia na kusaidiana, kutumikia na kutumikiana. Anayetumikia aweza kuwa mtumwa, aweza kuwa mfalme anayejionyesha. Wanaotumikiana hawana budi kuwa wenzi. Na mwenye kutumikiana hukubali pia kutumikiwa, jambo ambalo wema wengi hawaliwezi. Yule kijana wa sabuni, tukimkumbuka, hakuwahi kumruhusu mtu ambebee hata kiatu.

Basi, kwa timu zetu za mitaa, twaomba lifanyike jambo dogo tu. Iandikwe orodha, ibandikwe mahali wote wataiona: maji, nyavu, jezi, chokaa ya kuchora mistari, upepo wa mpira. Jina la kapteni liwemo katikati, lisiwe la kwanza wala la mwisho, na asiondolewe siku ya zamu yake hata kama kuna mgeni wa heshima. Wazazi wasije wakasema mwanao kapteni anadharauliwa.

Vijana hutuuliza: na kama mmoja hafanyi zamu yake? Hapo ndipo kapteni mwema hujaribiwa, maana njia nyepesi ni kuifanya yeye mwenyewe kimya kimya, tena mwenyewe ataiita upole. Twasema asiifanye. Akiifanya mara mbili imekuwa hisani, na yule mvivu amekuwa mdeni asiyejua anadaiwa. Wala asimpeleke mbio kwa mwalimu. Ikiwa ilikuwa zamu ya fulani kuujaza mpira upepo naye hakuujaza, mpira ule ubaki umelegea vile vile chini ya mwembe, na jioni hiyo timu nzima ikimbie kuuzunguka uwanja bila mpira. Wengine watanung'unika kwamba wanaadhibiwa bila kosa, na wanung'unike. Kapteni akimbie nao mizunguko yote, na yule kijana awe katikati ya mstari, asisemwe na mtu, mpaka giza liingie.